Kaburi la Bibi Yako na Shuka la Darasa la Tano

Yudita mwanangu,

Najua barua huanza kwa kuulizana afya, lakini wewe uko chumba cha pili, nakusikia unavyobishana na mama yako juu ya blanketi. Afya yako naisikia. Ya kwangu utaiona asubuhi. Hayo tumeyamaliza.

Utajiuliza kwa nini mtu amwandikie mtoto aliye nyuma ya ukuta wa matofali. Ni kwa sababu nikifungua mdomo nitajisifu. Najijua. Nitaanza na habari ya kaburi, na kabla hujakaa vizuri nitakuwa nimeshafika kwenye reli, na wewe utasema "Ndiyo, baba," kwa ile sauti yako. Kalamu inanipunguza mwendo. Kila neno nalibeba kama taruma la reli, na mtu mwenye taruma begani hana pumzi ya kujigamba. Ingawa nikwambie: katika darasa la ngumbaru la kijiji hiki, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusoma gazeti bila kufuata kwa kidole. Mwalimu alishangaa mpaka akakaa chini.

Unaona.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unakwenda Mlangali kuwafundisha watoto wa huko ile historia yako ya makaratasi ya zamani. Na kwetu mtoto haendi kukaa ugenini kabla hajapelekwa kwenye kaburi la mkubwa wake, akatajwa kwa jina, akaagwa, ndipo apande gari. Mchungaji analijua hilo, naye akituona tunashuka bondeni huwa anakumbuka kazi upande mwingine. Kaka zako wote niliwapeleka kwa mama yangu walipoondoka. Wewe ndiye wa mwisho, na ndiwe mwenye jina lake. Kesho ni zamu yako, na mimi sijui nikupeleke wapi.

Nimeliandika. Sijui. Nimelitazama hapo kwenye karatasi na halijaniua.

Ya nguo, ya chakula, ya kuchagua nyumba isiyovuja, mama yako ameshayasema na atayasema tena ukiwa mlangoni. Mimi nina hili moja tu, na lenyewe halijanyooka. Usitegemee lifike mwisho likiwa limenyooka.

Siku ile uliponijia na kusema, "Baba, watoto wa darasa la tano wanatafuta mahame ya watu wa zamani, na wewe ndiye unayeyajua," nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikujibu, "Nitaangalia kama nina nafasi." Nafasi nilikuwa nayo. Nilivaa koti la kanisani na buti zangu, nikafika shuleni kabla ya mlinzi. Nani mwingine angewaonyesha? Wengi wa rika langu wamekufa, na waliobaki hawaoni mpaka kizingitini. Mimi naligema lile bonde asubuhi na jioni msimu wote wa ulanzi. Kila kichaka cha mianzi nakijua kama mtu. Niliwaeleza watoto vizuri kabisa, na wewe ulikuwa unatikisa kichwa kukubali: zamani hatukukaa kwa mstari kando ya barabara kama sasa. Kila mtu alikuwa na mji wake huko bondeni, na aliyejenga alipanda mianzi karibu na nyumba apate ulanzi, pombe yake ya kugema. Ilipokuja Operesheni Vijiji tukahamishiwa huku juu, nyumba zikaanguka, mianzi haikuanguka. Ukitaka kujua watu walikaa wapi, tafuta mianzi. Watoto wakaandika. Kuna aliyeandika hata pale nilipokohoa.

Wakabeba lile shuka kama bendera. Shuka la mama yako lile, mwenyewe bado analitafuta. Mlikuwa mmenakili juu yake mchoro wa yule mwinjilisti wa zamani, ule uliouokota kwenye masanduku ya ofisi ya kanisa Njombe. Ulituambia alichora kila mji ili ajue pa kupitia akiwapelekea wagonjwa sakramenti. Nyumba ni viboksi, kijito ni mstari wa buluu, na majina pembeni. Kazi nzuri. Siku ile nilisema ni ya kitoto, lakini ni nzuri.

Njiani niliwasimulia ya reli. Mmoja akauliza, "Babu, hicho chuma ulikibeba peke yako?" Nikamwambia, "Nilikuwa na wenzangu, lakini wao walikuwa wanagusa tu." Wakacheka mpaka shuka likaanguka kwenye majani. Nakwambia, Yudita, nilikuwa sijachekewa vile na watu wengi kwa pamoja tangu nilipoacha kwenda kilabuni.

Tukafika kwenye mianzi yangu. Nikavua kofia. Nikasema, "Hapa ndipo nilipozaliwa. Na pale ni mama yangu." Nao wakasogea polepole, maana kaburi lile unalijua lilivyo. Mawe yamepakwa chokaa kila Pasaka, nyasi hazijui kuota pale. Ndipo yule binti mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, Neema, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Babu, hapa kwenye shuka pameandikwa ukoo mwingine. Jina la baba yako liko ng'ambo ya kijito."

"Mwinjilisti alikosea."

"Alikosea hapa tu au na kwingine?"

"Hapa tu."

"Babu, siku watu wanahamishwa wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa Makambako najenga reli."

"Kwa hiyo hukuwepo."

"Sasa reli ingejijenga yenyewe?"

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki sikukipenda. Yule binti hakucheka. Akauliza, "Na siku ya kumzika bibi?"

Wewe ukasema, "Watoto, tukunje shuka, mvua inakuja." Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Watoto walikuwa wameshakunja suruali wavuke kijito, ndiyo kazi uliyowapa, na wewe ukawarudisha kama mbuzi. Nikabaki pale na kofia mkononi.

Jioni ile unaikumbuka.

"Umenikatiza mbele ya watoto."

"Baba, nilitaka tu..."

"Ulitaka nini? Kitoto kinaniuliza kama wakili na wewe unakunja shuka! Mimi ni mwongo?"

"Sijasema mwongo."

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu, baba."

Na mama yako: "Kuleni, ugali unapoa. Huyo mwongo na yeye ale."

Ndipo nikasema kwamba hiyo kazi yako ya kufukua masanduku ya wafu itakuletea laana. Lile neno la laana lifute. Nililisema nikiwa na njaa. Tangu siku ile tumekuwa tunasalimiana kama watu waliokutana zahanati, kila mmoja na ugonjwa wake, na sasa unaondoka.

Acha nirudi nyuma. Hili sijawahi kumsimulia mtu, na mama yako mwenyewe ana kipande tu.

Tulipokuwa kambini Makambako, mimi nikiwa kijana wa shingo nene, alikuja dereva wa lori la mbao akaniita pembeni. Akasema, "Elisha, nyumbani wanasema uje. Mama anaumwa."

Wewe ni mtoto wa huku, sina haja ya kukufafanulia. Mtu aliye mbali haambiwi msiba njiani. Anaambiwa mgonjwa, ili miguu imfikishe nyumbani, na huko ndiko atakakokuta watu wamekaa nje wamenyamaza. Mimi mwenyewe nilishapeleka maneno ya namna ile kwa watu. Nilimwambia mwenzetu mmoja kwamba baba yake "anaharisha kidogo," na mzee alikuwa tayari ardhini. Kwa hiyo nilijua kinachosemwa pale. Au sikujua. Hapo ndipo ninapopotea kila nikipafikia. Maneno yenyewe yalikuwa "anaumwa," na mtu anayeumwa hupona. Na wiki ile reli ilikuwa inaingia Makambako, mimi nimewekwa mstari wa mbele, watu wanakuja kututazama wamevaa nguo za Jumapili.

Nikamwambia dereva, "Waambie akipata nafuu nitakuja."

Yule bwana alinitazama. Alifuta mikono yake kwenye suruali, mikono isiyokuwa na uchafu wowote. Akasema, "Haya," akawasha lori lake.

Mtu anaweza kujua na asijue kwa wakati mmoja? Wewe umesoma, niambie. Nimelitafuna swali hili mpaka limekosa ladha na bado silimezi. Siku nyingine naamka nikiwa na hakika kwamba niliamini kabisa mama ataamka apike. Siku nyingine naona uso wa yule dereva.

Nilirudi baadaye, mvua zimekwisha, nikiwa na redio na viatu vya plastiki. Bondeni hakuna mtu. Nyumba zimebomolewa, nyingine zimechomwa ili watu wasirudi. Baba yangu nilimkuta huku juu, amekaa mbele ya nyumba isiyo na mlango. Sikuuliza. Naye hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Akasema, "Umekuja." Tukakaa. Halafu akaonyesha kwa kidevu kule bondeni, akasema, "Yuko kule, kwenye mianzi."

Simama siku moja pale ilipokuwa nyumba ile utazame bonde. Mianzi iko huku na huku ya kijito. Kidevu cha mzee hakina ncha kama kalamu. Ningesema tu, "Baba, twende ukanionyeshe." Miguu yake bado ilikuwa na nguvu, tungeshuka wote polepole. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema kwamba mimi, mtoto wake wa kwanza, sijui mama yangu amelala wapi. Kijiji kizima walimzika, hata wasiotupenda walibeba udongo, na mimi niulize kama mpita njia.

Nikashuka peke yangu. Kila kitu kimeungua, kila kitu kinafanana, na mimi nilikuwa nimeondoka bondeni tangu mtoto wa kuchunga mbuzi. Kwenye mianzi ile nikaona tuta la udongo ambalo halijaota nyasi sawasawa. Nikasema ndilo. Nikakaa kidogo. Nikapanda. Baba akauliza, "Umeona?"

Nikasema, "Nimeona, baba."

"Vizuri," akasema. Alikufa kabla ya mahindi ya mwaka uliofuata, akijua nimeona.

Basi, Yudita, huko Mlangali utakutana na wazee. Utawaita waje wakae mbele ya watoto, nao watavaa makoti kama mimi. Watajigamba. Waache wajigambe, ni kama kupasha moto injini asubuhi ya baridi, bila hivyo gari haliondoki. Lakini ukimsikia mzee akijibu upesi sana, "najua, nimeona, nilikuwepo," usimwandike haraka. Mpe chai. Muulize mambo ya mbuzi. Halafu muulize tena, watoto wakiwa wameshakwenda. Angekuwepo mtu wa kuniuliza mara ya pili siku ile! Baba aliuliza mara moja tu, alikuwa mtu wa adabu.

Sasa nikwambie nilivyolijua hili.

Juzi nilikwenda shuleni watoto wakiwa wameshatoka. Nilimwambia mlinzi kwamba nimesahau fimbo. Fimbo ilikuwa mkononi, lakini yule kijana ana heshima. Shuka limetundikwa ukutani, limenyooshwa vizuri. Nikalisoma lote, na mara hii nilifuata kwa kidole, maana mlikuwa hampo. Pale kwenye mianzi ninayogema pana jina la ukoo alikoolewa Mama Zefania, yaani Bibi Rahabu, jirani yetu wa tangu bondeni. Nikavuka mstari wa buluu kwa kidole. Ng'ambo, pale kijito kinapokata kona, nikalikuta jina la baba yangu. Limeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, herufi moja imepinduka.

Nililitazama lile boksi nikajua ni wapi. Hata wewe ulijua, tangu siku ulipolichora. Ni kwenye shamba langu la parachichi.

Hilo shamba nimejigamba nalo mpaka Makambako sokoni. Nani alikuwa wa kwanza kupanda parachichi za kisasa katika kijiji hiki? Walipokuwa wanasema, "Mzee Elisha anapanda matunda ya wazungu," nani alikuwa anacheka mwishoni? Ndizo zilizokusomesha. Na siku tulipolima pale mara ya kwanza, dereva wa trekta alisimama akaniita. "Mzee, hapa kuna mawe yamekaa pamoja. Tuyazunguke?" Nikatazama. Yalikuwa mawe. Kila mtu aliyelima zamani alikusanya mawe akayarundika pembeni. Yangeweza kuwa mafiga, yangeweza kuwa msingi wa kibanda. Nikamwambia, "Sukuma."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Nikaelewa ile mvua yako. Ulikunja shuka kwa sababu wangevuka wote na Neema wangeukuta mti wa parachichi pale ambapo boksi linasema nyumba, na yule binti angeuliza swali lake la kufuata mbele yangu na mbele ya wenzake, kabla sijajiuliza mwenyewe. Ukakubali nikutukane mezani kuliko kuniambia. Na mimi nikadhani unanionea aibu. Kumbe ulikuwa unanisitiri. Sijui kama nikushukuru au nikulaumu, maana na wewe ulipaswa kuniambia, mimi si yai. Yote mawili yachukue, uyapange mwenyewe.

Jana nikafanya kitu ambacho hutaamini. Nilikwenda kuuliza.

Bibi Rahabu alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nikamsalimu, "Kamwene, Mama Zefania. Shikamoo."

"Marahaba. Leo shikamoo? Unaumwa?"

"Nimekuja kukuuliza kitu."

Akaweka bunzi chini. "Elisha anauliza? Ngoja nimwite jirani awe shahidi."

"Mama Zefania, nisikilize. Lile kaburi ninalolipaka chokaa ni la nani?"

Hakucheka, na nilikuwa nimejiandaa acheke. Akasema, "La mama mkwe wangu. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamvika. Alikufa wiki ile ile aliyokufa mama yako, ule mwaka wa kikohozi."

"Na mkaniacha nalisafisha miaka yote?"

"Tukuzuie kwa nini? Mara ya kwanza tulipokuona na jembe, nikamwambia mume wangu, huyu kapotea, kamwambie. Akasema, nimwambie nini mtu aliyekosa mazishi ya mama yake, nimnyang'anye na kaburi? Halafu, akasema, mwache. Watoto wetu wote wataishia Makambako madukani, nani atamfyekea mama? Na kweli wako Makambako. Mama mkwe wangu ndiye marehemu anayependeza kuliko wote bonde zima."

"Na mianzi?"

"Ya kwetu hiyo. Umetunywea ulanzi wetu mpaka umezeeka. Lakini kila Pasaka ulikuwa unaniletea mbeta moja ya ulanzi imejaa, ukijifanya unanikarimu. Nikasema haya, mpangaji mwema."

Hapo ndipo alipocheka, na jino lake moja. Nikamwacha amalize. Halafu nikamuuliza la pili, na hilo nililiuliza nikitazama mahindi. "Mama yangu yuko wapi?"

Akasema siku ile mvua ilinyesha mpaka kaburi likawa linajaa maji wakati wanachimba, wakahama hatua kadhaa, wakachimba tena. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, alisimama mbali. Ilikuwa chini ya mti wa mwati mkubwa, upande wetu, kwenye kona ya kijito. Nikamwambia, mwati ule ulishakuwa mkaa zamani. Akasema, "Na kona nayo haiko pale. Watu walipoanza kulima vinyungu vya mboga kule kwenye majimaji walikata mifereji, kijito kikahama kikaja huku. Ng'ambo ya wakati ule siyo ng'ambo ya sasa."

Nikaruka juu. "Kwa hiyo shuka limekosea! Nilisema mimi!"

"Sijasema limekosea."

"Umesema kijito kilihama."

"Nimesema kilihama. Sijasema wewe uko sahihi. Elisha, wewe mtu akikupa uzi unashona koti."

Nikamweleza ya trekta na ya mawe. Nilidhani ataziba mdomo kwa mkono, kama wanavyofanya wanawake wakisikia jambo zito. Akachukua bunzi lake akaendelea kupukuchua. Akasema, "Tuliweka mawe, ndiyo. Lakini kila mtu aliweka mawe. Huenda ni yeye, huenda ni mafiga ya dada yake. Mama yako nilimjua, alikuwa mkulima hasa, alikuwa anaamka kabla ya jogoo wangu. Unadhani atalalamika kwa sababu umemwekea mbolea?"

Sikujua nicheke au nilie, nikaomba maji ya kunywa.

Sasa niko hapa mezani na kichwa changu ni kama kilabu siku ya mnada, kila mtu anasema. Shuka linasema hivi. Rahabu anasema karibu hivyo, lakini si hivyo. Kijito kilihama na hakikuacha maneno. Kidevu cha baba kimeoza. Wewe uliwaambia watoto kwamba wasikilize karatasi, wasikilize mdomo, waitazame na ardhi yenyewe, wakilinganisha watapata ukweli. Nimelinganisha. Nimepata bonde zima ambalo nilidhani ni langu na sasa silijui pa kukanyaga. Hii ndiyo kazi unayokwenda kuifanya kwa watoto wa watu? Nauliza tu, sikatazi.

Maana nimefikiri pia upande mwingine. Miaka yote nimekwenda kwenye kaburi lile kusema na mama. Nilimwambia ulipozaliwa. Nilimwambia kwamba nimekupa jina lake. Nilimwomba msamaha pale, siku moja mvua ikinyesha, kwa sauti, kwa Kibena, kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Aliyesikia yote yale alikuwa mama mkwe wa Rahabu. Sijui aliyapeleka. Hawakuwa wanaelewana sana, nakumbuka waligombania kuku. Lakini wamekaa majirani huko waliko kwa muda mrefu, na watu wakikaa pamoja bila la kufanya huambiana habari. Hilo ndilo ninaloshikilia. Usinicheke, au ucheke ukiwa Mlangali.

Miti siikati. Nakwambia mapema kwa sababu najua huruma yako. Ina matunda, na mama yangu hakupenda kitu chenye matunda kikatwe. Trekta halitaingia tena pale, nitalima kwa jembe la mkono, nikichoka nitapumzika. Na la mama mkwe wa Rahabu nitaendelea kulifyeka. Nikiliacha sasa watu watasema Elisha alikuwa anampenda marehemu kwa kukosea.

Na nimemwambia yule mwalimu mwenzako anayebaki na darasa la tano awalete watoto tena wiki ijayo, na awalete wavuke. Yule Neema akae mbele. Nitamjibu ile ya siku ya kuzika. Nimelifanyia mazoezi jibu langu kwenye mianzi, ni fupi, halina reli ndani yake. Sina hakika kama litatoka.

Wewe hutakuwepo kulisikia, ndiyo maana nimekuandikia.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda Njombe kupanda basi, tutashuka. Kwanza tutapita kwa mama mkwe wa Rahabu tumwamkie, maana si adabu kumpita kimya mtu aliyekusikiliza miaka yote. Kisha tutavuka kijito, hapo kilipo sasa. Usiniulize ni wapi. Mpaka kijitoni nitatangulia mimi, njia ile ina utelezi na hakuna anayeijua kuliko mimi. Lakini tukiingia kwenye miparachichi nitasimama kando, upite wewe mbele, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesomea kutembea mahali usipopajua. Tembea unavyoona. Hapo utakaposimama, na mimi nitasimama hapo hapo, nivue kofia, nikutaje.

Ni mimi baba yako,
Elisha